Wembley Mbili: Ukate Tiketi ya Uwanja au ya Ukumbi?

Ukishuka treni kituo cha Wembley Park, kaskazini-magharibi mwa London, unakuta njia pana ya waenda kwa miguu imenyooka mbele yako. Mwisho wa njia kuna uwanja wa mpira wenye tao kubwa la chuma juu yake, viti 90,000. Kabla hujaufikia, kando, limekaa jumba la zege la mwaka 1934 lililojengwa liwe bwawa la kuogelea. Leo ni ukumbi wa muziki unaochukua watu 12,500. Kutoka mlango wa ukumbi hadi mlango wa uwanja ni mwendo wa dakika chache tu.

Mtoto wa Unguja aliimba pote pawili. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Septemba 1984 yeye na wenzake wa bendi ya Queen walipiga siku nne ndani ya ule ukumbi, na moja ya siku hizo ilikuwa siku aliyotimiza miaka 38. Miezi kumi baadaye, 13 Julai 1985, akapanda jukwaa la uwanja wa jirani mbele ya watu 72,000 wa Live Aid, tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, kwa dakika kama ishirini ambazo watu hawajaacha kuzizungumza mpaka leo. Julai 1986 wakarudi uwanjani hapo siku mbili mfululizo. Uwanja ule wa zamani umebomolewa na huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2007, lakini mahali ni palepale.

Bendi ileile, mtaa uleule, na bado aliyeingia ukumbini na aliyeingia uwanjani hawakwenda kuona kitu kimoja. Ndiyo maana kila kiangazi kinapokaribia napigiwa simu na ndugu na marafiki, wengine wako hapa Uingereza, wengine wanakuja kutoka nyumbani au Ghuba kwa likizo: bendi fulani inapiga uwanjani Juni, nyingine inapiga ukumbini Novemba, fedha ni ya tiketi moja, nichukue ipi?

Nasema mapema ninakosimama. Kwa muziki wenyewe, yaani kusikia gitaa likisema na mwimbaji akitamka, ukumbi unashinda karibu kila mara. Lakini uwanja una kitu ambacho ukumbi hauwezi kukupa kwa bei yoyote, na rock ilihangaika miaka mingi kabla ya kujua namna ya kukishika. Historia ya hangaiko hilo ndiyo itakayokuambia ununue tiketi gani na usimame wapi.

Umati ulitangulia, muziki ukafuata nyuma

Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles, bendi ya vijana wanne wa Uingereza, walipiga Shea Stadium, uwanja wa besiboli mjini New York. Walikuja watu 55,600, na mapato yakafika dola 304,000. Jukwaa liliwekwa katikati ya kiwanja na mashabiki wote wakabakizwa kwenye viti vya pembezoni, kwa hiyo hata aliyelipa zaidi ya wenzake alikuwa mbali. Kampuni ya Vox ilikuwa imewatengenezea amplifaya za wati 100, kitu kikubwa kwa wakati ule. Sauti za kuimba zilipitishwa kwenye vipaza sauti vya uwanja, vilevile vilivyozoea kutangaza jina la mchezaji anayeingia. Leo bendi ya harusi Temeke haikubali kupanda jukwaani na vyombo vya namna hiyo.

Wakapiga nyimbo 12 kwa nusu saa hivi, na mayowe yakafunika zote. Wanamuziki wenyewe hawakujisikia. Kwenye wimbo wa mwisho mmoja wao, John Lennon, aliburuza kiwiko cha mkono juu ya kinanda, akicheka, kwa sababu hakuna ambaye angejua tofauti. Mwaka mmoja baadaye, 29 Agosti 1966, wakapiga onesho lao la mwisho la kulipiwa, Candlestick Park, San Francisco. Viti vingi vilikuwa vitupu. Wakaachana na ziara kabisa.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia: ilijulikana kwamba unaweza kuujaza uwanja, na haikujulikana utausikilizishaje. Kila aliyekuja baada ya hapo alikuwa anatibu ugonjwa ulioonekana Shea.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Sauti hutembea mita kama 340 kwa sekunde. Kiwanja cha mpira kina urefu wa mita 105, na jukwaa hukaa upande wa goli moja. Mtu aliyekaa ghorofa ya juu nyuma ya goli la pili yuko kama mita 150 kutoka kwa mpiga dramu. Pigo linamfikia karibu nusu sekunde baada ya fimbo kugusa ngozi. Likimfikia limeshapungua nguvu, na njiani limegonga zege na paa likarudi kama mwangwi. Ukimwekea spika nyingine karibu yake bila kufanya zaidi, umemharibia kabisa: atasikia pigo la spika ya karibu, halafu la jukwaani linakuja nyuma likikokota miguu.

Mimi haya nilielezwa na mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi mitambo wa bendi ya dansi Dar es Salaam tangu enzi za spika za mbao zinazobebwa na watu wanne. Alinichorea kwenye karatasi ya hesabu za bia: jukwaa, mtu wa mbele, mtu wa nyuma, na mshale mrefu wa sauti. Yeye aliwahi kuhangaika na viwanja vya mikoani, na dawa aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, kuongeza sauti mpaka wa mbele waweke vidole masikioni.

Mafundi wenzake wa Marekani walipata dawa nyingine. Julai 1973, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Watkins Glen, jimbo la New York, walikusanyika watu wanaokadiriwa kufika 600,000 kusikiliza bendi tatu, Grateful Dead wakiwa mojawapo. Mafundi wakasimamisha minara ya spika katikati ya umati na kuifunga mitambo ya kuchelewesha sauti, ili spika za mnara zitoe pigo pale tu sauti ya jukwaani inapofika hapo. Masikio yakapokea pigo moja. Ukiona leo uwanjani milingoti ya spika imesimama mbali na jukwaa, ndiyo wajukuu wa hiyo minara.

Mwaka uliofuata Grateful Dead hao hao walikwenda mbali zaidi. Walijenga ukuta wa spika nyuma ya bendi, kama 600, uzito wa tani 75 hivi, kila chombo kikiwa na spika zake peke yake, ili wanamuziki na watazamaji wasikie kitu kimoja. Kila mwimbaji alikuwa na maiki mbili zilizounganishwa kinyume: kelele za ukuta zinaingia kote kuwili na kufutana, sauti ya mdomo inaingia moja tu na kubaki. Nakiri nampenda mtu aliyefikiri hivyo. Lakini kuusafirisha ukuta ule na kuusimamisha kila mji kuliwala fedha na nguvu, na Oktoba 1974 wakauacha.

Dawa iliyodumu ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutoka Ufaransa, kwa mhandisi Christian Heil: spika ndogondogo nyingi zilizoshikamana kwa safu moja ndefu. Safu ya namna hiyo sauti yake haipungui haraka kwa umbali kama ya sanduku moja moja. Ni zile unazoziona zimening'inia pande mbili za jukwaa zikijipinda chini kama mkungu wa ndizi.

Kwa hiyo usidanganyike na mzee atakayekuambia uwanjani hakusikiki kitu. Alikuwa sahihi mwaka 1965. Leo kunasikika, ila kunategemea umesimama wapi, na hilo nitalirudia.

Kwa nini walihamia viwanjani

Fedha. Sina la kuzunguka hapa. Bendi ya Led Zeppelin walipojaza uwanja wa Tampa, Florida, tarehe 5 Mei 1973, watu 56,800 waliokuja kuwaona wao tu, waliivunja rekodi ya Shea na kuingiza dola 309,000 kwa usiku mmoja. Meneja wao Peter Grant alikuwa akidai asilimia 90 ya mapato ya mlangoni, mwandaaji abaki na 10, na waandaaji walikubali maana asilimia 10 ya nyomi kama ile bado ni mfuko mzito.

Aliyeumizwa na mabadiliko hayo kisha akayapanda mwenyewe ni mwandaaji wa maonesho Bill Graham. Alikuwa na Fillmore East, ukumbi wa watu 2,600 hivi mjini New York, ambao wapenzi wa rock wa wakati ule wanauzungumza kama sisi tunavyozungumza kumbi za dansi za Kariakoo. Juni 1971 aliufunga, akilalamika kwamba bendi sasa zinataka Madison Square Garden, watu 20,000 kwa mkupuo, badala ya kurudia onesho ukumbini kwake siku kadhaa. Miaka miwili baadaye alikuwa anaandaa maonesho ya mchana kwenye uwanja wa Oakland; 1974 akaandaa ziara ya viwanjani ya Crosby, Stills, Nash & Young; 1981 ziara ya Rolling Stones; na Live Aid ya upande wa Philadelphia, Marekani, iliyofanyika siku ileile na ya Wembley, ilikuwa mikononi mwake. Nadhani alilia kwa dhati na akahama kwa dhati. Ila kilio chake kinakuhusu wewe mnunuzi: aliyekaa Fillmore aliona jasho la mpiga gitaa, na kitu hicho uwanja haukukirudisha.

Macho

Nyoosha mkono wako mbele, ushike punje moja ya mchele kati ya vidole viwili. Ndivyo mtu mzima anavyoonekana kutoka mita 150. Hapo ndipo utakapokuwa ukinunua tiketi ya bei ya chini ya uwanjani, na jioni nzima utatazama skrini. Skrini kubwa za video zilianza kuingia kwenye viwanja vya michezo mwaka 1980, Dodger Stadium ya Los Angeles ikiwa ya kwanza, na bendi zikazidaka. Siku hizi ni nzuri sana, utaona mpaka pete za mpiga besi. Lakini picha inafika papo hapo na sauti inachelewa, kwa hiyo ukiwa mbali unaona fimbo imeshuka, kisha unasikia.

Ukumbini mtu wa kiti cha mwisho yuko karibu nusu ya umbali huo au pungufu. Anamwona mwimbaji kwa macho yake: anavyoinamisha kichwa, anavyomkonyeza mwenzake kabla ya kubadilisha mwendo.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalifikirii. Ulaya mwezi Juni na Julai jua linazama saa tatu usiku na zaidi. Uwanja hauna paa la katikati, basi nusu ya onesho inapigwa mchana kweupe, na taa zote zile za mamilioni hazionekani mpaka nyimbo za mwisho. Queen wa Live Aid walipanda saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, jua linawaka. Ukumbini giza linaanza fundi wa taa anapotaka. Kwa bendi inayotegemea taa na picha, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Bendi iliyouchukia uwanja na bendi iliyouweza

Hapa ndipo pa kupimia bendi unayoitaka. Sio kila muziki unapanuka.

Bendi ya Pink Floyd walifika Olympic Stadium ya Montreal, Kanada, tarehe 6 Julai 1977, mwisho wa ziara ya kumbi kubwa na viwanja. Muziki wao una mapito ya kimya, gitaa moja linalia taratibu, na watu wa mbele walikuwa wanapiga kelele na fataki. Roger Waters, mpiga besi na mwimbaji wao, alikasirika mpaka akamtemea mate shabiki mmoja. Alijistukia, akaona kati yake na wasikilizaji kumekuwa na ukuta, na ukuta huo ukawa albamu, The Wall. Walipoipeleka jukwaani mwaka 1980 na 1981 walikataa viwanja. Walipiga mara 31 katika kumbi za ndani tu, ndani ya miji minne, London wakiwa ukumbi wa Earls Court, na ukuta wa kweli ukajengwa tofali kwa tofali mbele ya bendi huku wimbo unaendelea. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini na vyombo vya kurusha picha vya kizazi kipya ndipo Waters akauleta ukuta ule kwenye Uwanja wa Wembley, Septemba 2013, na picha zikaufunika kuanzia upande mmoja hadi mwingine.

Sasa mweke Mercury karibu yake. Yeye aliufahamu uwanja kama mwimbaji wa ngoma anavyowafahamu wapokeaji. Kwenye Live Aid aliimba sauti bila maneno, fupi, akanyamaza. Watu 72,000 wakaipokea. Akairefusha, wakairefusha. Akaipandisha, wakamfuata mpaka walipoweza. Sisi tuliolelewa pwani tunalijua hilo bila kufundishwa: kiongozi anatoa, waitikiaji wanapokea, na wimbo unakuwa wa wote. Kwenye wimbo wa Radio Ga Ga mikono yote ikapanda juu, makofi mawili, ikashuka. Tazama picha zake ukipata nafasi, umati unakwenda kama shamba la mpunga lililopigwa na upepo. Kitu hicho hukipati kwa watu 12,500. Queen walikipata kwa watu 131,000 hivi usiku mmoja, uwanja wa Morumbi, São Paulo, mwaka 1981, wengi wao wakiimba Kiingereza wasichokizungumza.

Basi jiulize bendi yako ni ya upande gani. Ina viitikio ambavyo uwanja mzima utaimba hata mwimbaji akinyamaza? Uwanja utaipa mabawa. Ina maneno mengi ya kusikilizwa, au vyombo vinavyojibizana polepole? Isubiri ukumbini, hata kama ni mwaka kesho.

Bendi ya U2 wameonja kote. Ziara yao ya 2009 hadi 2011 iliweka jukwaa ndani ya uwanja chini ya mtambo wa miguu minne wenye urefu wa mita 50 hivi, watu wakakaa pande zote. Maonesho 110, tiketi zaidi ya milioni 7, mapato dola milioni 736. Johannesburg pekee, Februari 2011, waliingia watu zaidi ya 94,000 pale uwanja wa FNB. Kisha Septemba 2023 bendi hiyohiyo ikafungua Sphere ya Las Vegas, jumba la ndani la watu kama 18,000, ikapiga humo mara 40. Walitafuta umati, wakarudi kutafuta masikio.

Ya kawaida yanayosahaulika mpaka siku yenyewe

Tiketi ya nyuma kabisa uwanjani mara nyingi ni rahisi kuliko ya nyuma kabisa ukumbini, na ya mbele uwanjani ni ghali kuliko zote. Angalia bei ya mwisho baada ya ada, na ujue kwamba wauzaji wengine hupandisha bei huku watu wakiwa bado kwenye foleni ya mtandaoni. Mwaka 2024 mashabiki wa Oasis waliliona hilo kwa uchungu.

Mvua: waliokaa chini ya paa la uwanja hawalowi sana, waliosimama kwenye kiwanja wanalowa. Mwavuli hauruhusiwi kwenye viwanja vingi, beba koti.

Kutoka. Ukumbini unatoka, nusu saa umo kwenye treni. Uwanjani mnatoka maelfu kwa maelfu kwa dakika moja, polisi wanaufunga mlango wa kituo na kuufungua kwa mafungu, na saa nzima inaweza kuisha umesimama kwenye ile njia pana. Ukiwa na treni ya kurudi mji mwingine, uwanja ni kamari. Kama una mtoto mdogo au mama mwenye magoti mabovu, sina ubishi nawe: ukumbi, kiti chenye namba.

Usalama nao usiudharau. Tarehe 3 Desemba 1979, mjini Cincinnati, watu 11 walikufa mlangoni wakigombea kuingia onesho la bendi ya The Who, na huo ulikuwa ukumbi, wala si uwanja. Tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Mwaka 2000 watu tisa walikufa mbele ya jukwaa la bendi ya Pearl Jam kwenye tamasha la Roskilde, Denmark. Tangu hapo eneo la mbele hugawanywa kwa vizuizi. Ukibanwa mpaka mikono haiinuki, toka kwa ubavu mapema, usingoje wimbo uishe.

Na masikio. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza sauti ya kumbi isizidi wastani wa desibeli 100. The Who walipimwa desibeli 120 kwenye uwanja wa Charlton, London, mwaka 1976, na kwa miaka ikahesabiwa ni sifa. Vizibo vya masikio ni bei ya soda. Mjomba wangu hakuvaa, na leo sikio lake la kushoto, lililokuwa upande wa spika, ukimnong'oneza halipokei.

Ukishaamua uwanja, simama hapa

Mara yangu ya kwanza nilikosea. Ulikuwa uwanja mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, nikanunua kiti cha ghorofa ya juu upande wa nyuma kwa sababu kilikuwa rahisi. Mpiga dramu nilimwona kwanza na kumsikia baadaye, jioni nzima. Gitaa la solo lilikwenda likagonga paa likarudi kama mtu aliyesahau kitu. Maneno niliyajua kwa ghibu, ndiyo pona yangu. Lakini wimbo wa mwisho ulipofika, watu zaidi ya 50,000 wakaimba, bendi ikanyamaza, na mzee aliyekaa pembeni yangu, ambaye hata hatukuwa tumesalimiana, akanishika bega na kuimba akitazama mbele. Nilishuka ngazi mwili unanisisimka. Ningerudi kwa dakika zile nne tu.

Nilirudi, na nikajifunza. Katikati ya kiwanja, mita thelathini au arobaini kutoka jukwaani, kuna kibanda kilichozungushiwa uzio: humo amekaa fundi mitambo na miksa yake. Anachokisikia yeye ndicho anachokirekebisha. Aliyesimama mbele kidogo ya uzio huo anasikia onesho kama lilivyokusudiwa, anamwona mwimbaji akiwa mtu wala si punje, na ana umati pande zote nne. Kwa tiketi ya kusimama, hapo ndipo. Kwa tiketi ya kukaa, chukua ghorofa ya chini, ubavuni, usawa wa kibanda hicho au mbele yake kidogo; viti vilivyo sambamba kabisa na jukwaa viepuke, spika zinakupita. Ghorofa ya juu nyuma ya goli, kwangu mimi, haina thamani ya nauli, na kiti chochote cha ukumbini kinaishinda.

Kiangazi kilichopita mjomba alikuja London mara ya kwanza. Ana miaka 68, lakini amesimama nyuma ya miksa usiku kucha sehemu kubwa ya maisha yake, kusimama hakumtishi. Kwa masikio yake ningempeleka ukumbini. Nikakumbuka ile karatasi ya hesabu za bia, nikakata tiketi mbili za uwanja, za kusimama.

Tulifika mapema, tukapata nafasi kwenye uzio wa kibanda. Jukwaani hakutazama. Alitazama mikono ya kijana wa miksa: vidole viwili kwenye kitelezo cha sauti ya mwimbaji, vikimsogeza juu kabla ya kiitikio na kumrudisha chini bila haraka. Wimbo wa tatu akanivuta kanzu.

"Mjomba, ile milingoti ya nyuma ameichelewesha?"

Nikamwambia ndiyo. Akaanza kupita kati ya watu, mimi nyuma yake, tukaenda mpaka upande wa pili wa mlingoti mmoja, mita sabini hivi kutoka jukwaani. Akaligeuza sikio la kulia, lile zima, kuelekea juu. Nikamwona anahesabu kwa vidole, mita kwa mia tatu na arobaini, kisha akafumba macho na kungoja dramu. Pigo likaja moja.